Jengo la Bunge la Bangladesh: liliagizwa na utawala mmoja, likamaliziwa na taifa jingine

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu zangu, kati ya majengo ya mabunge yaliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sijaona lenye historia nzito na ufundi unaostahili kusomwa taratibu kuliko Jatiya Sangsad Bhaban, jengo la Bunge la Bangladesh lililoko Sher-e-Bangla Nagar, jijini Dhaka. Wengi wanaolizungumzia hulitaja jina la msanifu wake, Mmarekani Louis Kahn, na kuonyesha picha ya kuta zenye matundu ya duara na ya pembetatu zinazojionyesha katika maji ya ziwa, kisha huishia hapo. Mimi nataka twende mbele ya picha hiyo, kwa sababu sura ya jengo hili haieleweki bila kujua ni nani aliyeliagiza na kwa nia gani, wala bila kujua jinsi zege lake lilivyomwagwa siku baada ya siku kwa mikono ya Wabengali.

Pakistan ilipozaliwa mwaka 1947 ilikuwa nchi ya pande mbili, na katikati yake kulikuwa na zaidi ya kilomita 1,600 za ardhi ya India. Upande wa mashariki, nchi ya Wabengali ambayo leo ni Bangladesh, ndio uliokuwa na watu wengi zaidi, lakini serikali, jeshi na mifuko ya fedha vilishikwa na upande wa magharibi. Jenerali Ayub Khan, aliyetwaa madaraka mwaka 1958, alianza kujenga mji mkuu mpya huko Islamabad, na mwaka uliofuata, ili kupunguza manung'uniko ya Wabengali, ikaamuliwa kwamba Dhaka nayo iwe makao makuu ya pili. Katiba ya mwaka 1962 iliuandika mgawanyo huo waziwazi: serikali ingekaa Islamabad na Bunge lingekaa Dhaka. Hivyo Wabengali walipewa ukumbi wa kujadiliana, huku nguvu ya kuamua ikibaki kwingine.

Kazi hiyo ilipotafutiwa msanifu, jina la kwanza lililofikiriwa ni la mtu wa hapo hapo, Muzharul Islam, aliyezaliwa mwaka 1923 na ambaye tayari alikuwa amesanifu chuo cha sanaa cha Dhaka, kazi inayohesabiwa kuwa mwanzo wa usanifu wa kisasa katika Bengali yote. Angeweza kuichukua kazi hiyo na kuishi maisha yake yote akiwa na jina kubwa. Badala yake alishauri aletwe mmoja wa mabingwa wa dunia, ili Dhaka ipate jengo ambalo vizazi vya wasanifu wa nchi hiyo wangejifunza kwalo. Le Corbusier alikuwa na shughuli nyingi, Alvar Aalto alikuwa mgonjwa, na ndipo akafuatwa Kahn, ambaye Islam alikuwa amemfahamu alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Yale. Uamuzi huo wa Muzharul Islam naupa uzito mkubwa kuliko waandishi wengi wanavyoupa, kwa kuwa bila yeye huenda serikali ya kijeshi ingejenga kasri la kawaida lenye kuba na nguzo za kuiga.

Kahn alikabidhiwa kazi mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 61, akafika Dhaka mapema mwaka 1963 na kuonyeshwa uwanja wa ekari zipatazo 200, tambarare, wa mashamba yenye kujaa maji wakati wa masika. Katika delta ile, mtu anayetaka kujenga nyumba kwanza huchimba bwawa, na udongo unaotoka humo huutumia kuinua kiwanja chake juu ya mafuriko. Kahn aliichukua desturi hiyo akaikuza kufikia kipimo cha Bunge, ndiyo maana jengo limezungukwa na ziwa la kuchimbwa, na kando ya maji hayo zikajengwa nyumba za wabunge na watumishi kwa matofali mekundu ya kuchoma, ambayo Bengali imeyatumia kwa karne nyingi kwa kuwa delta haina mawe. Bunge lenyewe peke yake ndilo lililojengwa kwa zege la kijivu, na mtu akisimama mbali anautambua mara moja moyo wa eneo lote.

Kwa mpango wake, jengo hili ni majengo tisa yaliyoshikana. Katikati umo ukumbi wa mijadala wenye pembe nane, uliomo ndani ya bloku inayopanda mita 47 hivi, na kuuzunguka zipo bloku nane zenye urefu wa mita 33 na nusu. Nne kati ya hizo ni za ofisi na zinafanana. Nne nyingine kila moja ina kazi yake, ikiwemo lango la Rais upande wa kaskazini na sehemu ya sala upande wa kusini. Kati ya ukumbi na bloku hizo inapita njia ya kuzunguka, nyembamba na ndefu kwenda juu kupita ghorofa zote, inayopokea mwanga wa jua kutoka darini. Hakuna mbunge awezaye kutoka ofisini kwake kwenda ukumbini bila kuipita njia hiyo, na hapo ndipo hukutana na wenzake wa vyama vingine nje ya macho ya Spika.

Sehemu ya sala inahitaji kuelezwa peke yake. Jengo zima limelazwa kwenye mstari wa kaskazini na kusini, lakini bloku ya sala imegeuzwa nyuzi chache ili ielekee Makka, ambayo kwa mtu aliyeko Dhaka iko magharibi ikiegemea kidogo kaskazini. Kahn angeweza kuuficha mgeuko huo ndani ya kuta zilizonyooka, kama wafanyavyo wasanifu wengi wanapobanwa na kiwanja. Yeye aliuacha uonekane kwa nje, hivi kwamba atakayelitazama jengo kutoka juu ataona sehemu moja iliyokataa kufuata mstari wa wenzake. Mpango wa mwanzo ulikuwa wa msikiti mkubwa zaidi, kwa sababu Kahn aliamini kwamba watu wanaokutana kuzitungia sheria jamii zao wanafanya jambo linalokaribiana na ibada.

Sasa nije kwenye zege, ambalo ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Dhaka ya miaka ya 1960 haikuwa na mitambo ya kutosha, wala mafundi wengi waliozoea zege la kuachwa wazi, yaani lisilopigwa plasta wala rangi, ambalo kila kosa lake hubaki usoni. Majukwaa yalifungwa kwa mianzi. Zege lilibebwa kwa karai kichwani na vibarua, wanaume kwa wanawake, wakipanda kwa mstari. Kwa kazi ya namna hiyo kuta hazikuweza kupandishwa zaidi ya futi tano kwa siku, na kila fundi wa zege anajua kinachotokea pale zege la leo linapokutana na la jana: unabaki mshono wenye rangi tofauti, wenye kuchirizika, wakati mwingine wenye vishimo vya kokoto. Msanifu mwingine angelazimisha teknolojia ya kigeni ili mishono isionekane, au angefunika kila kitu kwa plasta. Kahn aliamua kwamba kila mshono wa futi tano uwekewe mkanda wa marumaru nyeupe wenye upana wa inchi sita. Mkanda huo hufunika kasoro za mshono na huyasaidia maji ya mvua yadondoke yasichafue ukuta mzima. Mistari meupe inayoonekana katika kila picha ya jengo hili, ambayo wageni wengi huidhani kuwa pambo, ni hesabu ya kazi za siku zilizopita, na mtu anaweza kuisoma kuanzia chini hadi juu.

Nitaendelea na habari za vita na za kumalizika kwa ujenzi. Wenye maswali wasisite.

Mchangiaji, fundi ujenzi kutoka Morogoro

Ahsante sana mkuu kwa maelezo haya. Nimefanya kazi ya zege kwa muda mrefu na nina wasiwasi mmoja. Kuweka marumaru kwenye mshono ni kuongeza mahali pa maji kupenya, kwa kuwa marumaru na zege havipanuki sawasawa kwenye joto. Je, mikanda hiyo haiudhoofishi ukuta? Na matundu makubwa namna ile, mvua ya masika ya kule haiingii ndani?

Mwanzilishi wa uzi

Fundi, swali lako ni la mtu anayeijua kazi. Mikanda imepachikwa usoni mwa ukuta katika mfuo ulioachwa kwenye mshono, haiukati ukuta. Kilichobeba mzigo ni zege lenyewe pamoja na nondo zake. Kuhusu upenyaji wa maji uko sahihi kwamba kila maungio yanadai matunzo, na kwa jengo kama hili matunzo ni kazi isiyokoma.

Kuhusu matundu, ukuta unaouona kwa nje si ukuta wa chumba. Ni ngozi ya kwanza. Nyuma yake kuna nafasi iliyo wazi, na nyuma ya nafasi hiyo ndipo yalipo madirisha yenye vioo vya ofisi. Jua kali la Bengali linaishia katika nafasi hiyo ya kati, likigonga zege na kuingia ndani likiwa limepoa, na mvua ya upepo nayo inaishia hapo hapo. Ni kanuni ile ile ya baraza pana katika nyumba za pwani yetu, isipokuwa kwamba hapa imesimamishwa wima hadi mita 33. Ukubwa wa matundu una faida nyingine: mtu aliye nje hawezi kuhesabu ghorofa, kwa hiyo jengo halionekani kama ofisi za wizara bali kama kitu kimoja kizima.

Paa la ukumbi ndilo lililomtesa Kahn kuliko yote. Kuta zilikuwa zinapanda wakati yeye na wahandisi wake wakiendelea kubadilisha michoro ya namna ya kuufunika ukumbi, mpaka walipofikia paa jepesi la zege lililokunjuka kama mwavuli, likiacha uwazi kuzunguka ili mwanga wa mchana uteremke ukumbini bila jua kumpiga mtu usoni.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Shukrani, ndugu. Nami nimewahi kusikia kwamba wakati wa vita ya mwaka 1971 marubani walipita juu ya jengo hilo wakaliona kuta tupu zenye matundu, wakadhani ni magofu ya kale, wakaacha kulipiga mabomu. Je, ni kweli?

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, hiyo ni hadithi inayopendwa sana na inasimuliwa kila jengo hili linapotajwa, nami naiheshimu kama hadithi. Lililo hakika ni hili: vita ilipoanza kuta zilikuwa zimesimama bila kukamilika, ujenzi ukasimama, na vita ilipoisha zilikuwa bado zimesimama.

Hata hivyo, kuna uhusiano mkubwa zaidi kati ya vita ile na Bunge, na ndio ningependa tuukumbuke. Katika uchaguzi wa Desemba 1970 chama cha Awami League cha Sheikh Mujibur Rahman kilishinda viti 160 kati ya 162 vya kuchaguliwa vya upande wa mashariki, na kwa idadi hiyo pekee kikawa na wingi katika Bunge zima la Pakistan. Bunge hilo lilipangwa kukutana Dhaka tarehe 3 Machi 1971. Tarehe 1 Machi, Jenerali Yahya Khan, aliyekuwa amempokea Ayub Khan madaraka, aliahirisha mkutano huo, na mitaa ya Dhaka ikajaa watu waliokasirika. Usiku wa tarehe 25 Machi jeshi likaanza mauaji. Kwa hiyo katika mji ambao Katiba ya 1962 iliuahidi Bunge, na huku kuta za jengo la Bunge zikipanda, wabunge halali walizuiwa kukutana, na kuzuiwa huko ndiko kulikoivunja Pakistan. Tarehe 16 Desemba 1971 majeshi ya Pakistan yalijisalimisha katika mji huo huo.

Serikali mpya ya Bangladesh ilikuwa na kila sababu ya kuliacha jengo lililoagizwa na mtawala wa kijeshi wa upande wa pili. Eneo likaitwa Sher-e-Bangla Nagar, kwa heshima ya A. K. Fazlul Huq, kiongozi mkongwe wa Bengali, na Kahn akaombwa aendelee. Hakuiona kazi ikiisha. Tarehe 17 Machi 1974, akirejea kutoka Ahmedabad, India, ambako alikuwa na kazi nyingine, alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo katika stesheni ya Pennsylvania jijini New York. Waliobaki ofisini kwake, chini ya David Wisdom, ndio walioimalizia kazi, na mmoja wa walioibeba kwa miaka mingi zaidi ni Henry Wilcots, msanifu Mmarekani Mweusi ambaye jina lake linastahili kutajwa pamoja na la Kahn kila tunapolizungumzia jengo hili.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Wakuu, naomba nipingane kwa heshima. Nchi iliyotoka vitani, iliyopata njaa kubwa mwaka 1974, inawezaje kuendelea kutumia fedha kwa kuta za zege na marumaru, tena kwa ramani ya mgeni? Naona tunasifu uzuri na kusahau matumbo ya watu.

Mwanzilishi wa uzi

Pingamizi lako ni zito, nami siwezi kulipuuza. Jengo lote hadi kumalizika linatajwa kugharimu takriban dola milioni 32 za Marekani, na njaa ya mwaka 1974 iliua watu wengi mno. Mtu aliyepoteza mtoto mwaka ule asingeweza kuambiwa kwamba mikanda ya marumaru ni jambo la maana.

Ninachoweza kusema ni kwamba waliochagua kuendelea walikuwa Wabengali wenyewe, baada ya kushinda vita, na kuta zilikuwa zimekwisha kuwa zao kwa kazi ya mikono yao. Kuhusu ugeni wa msanifu nakubaliana nawe nusu. Fikra ya jumla ni ya Kahn, na yamo ndani ya jengo mambo yanayofanana na kazi zake za Marekani. Lakini futi tano za kila siku, mianzi, karai na matofali ya nyumba za kando vilitoka Bengali, na vingeondolewa hivyo jengo lingekuwa jingine kabisa. Lawama yangu mimi iko mahali pengine: katika maandiko mengi sana juu ya jengo hili, vibarua waliolipandisha hutajwa kama umati usio na jina, wakati ambapo majina ya wahandisi na wasanifu yamehifadhiwa hadi madaraka yao ya ofisini.

Mwaka 1989 jengo lilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu, na hoja kuhusu gharama ilikuwa bado inajadiliwa. Nadhani ni sawa iendelee kujadiliwa.

Mchangiaji, mwanafunzi wa usanifu kutoka Dar es Salaam

Kaka, shikamoo. Naomba kujua Bunge lilianza lini kukaa humo, na hali ya jengo sasa ikoje. Ninaandaa mada ya darasani kuhusu majengo ya umma na matumizi yake baada ya kukabidhiwa.

Mwanzilishi wa uzi

Marahaba, mdogo wangu. Lilizinduliwa tarehe 28 Januari 1982 na Rais Abdus Sattar, na tarehe 15 Februari Bunge likaanza kikao chake cha kwanza humo. Tarehe 24 Machi mwaka huo huo Jenerali Ershad aliipindua serikali. Ujenzi wa takriban miaka 20 ulipata wiki tano hivi za mijadala kabla jeshi halijaufunga ukumbi. Bangladesh ilirudi katika mfumo wa serikali inayowajibika kwa Bunge mwaka 1991, kwa marekebisho ya kumi na mbili ya Katiba. Ukumbi una viti 354 vya wabunge, na hiyo iliwafaa walipofikia wabunge 350: wale 300 wa majimbo na wanawake 50 wa viti maalumu, idadi iliyowekwa mwaka 2011.

Kwa mada yako, angalia hasa uwanja wa kusini, ule wenye ngazi pana unaotazama barabara ya Manik Mia. Kahn aliuweka kuwa mahali pa wananchi kulikaribia Bunge lao, na kwa miaka mingi watu wa Dhaka waliutumia jioni kwa matembezi. Baadaye ulinzi ukaongezeka, uzio ukawekwa, na wananchi wakabaki upande wa barabara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilijengwa pia nyumba za Spika na naibu wake ndani ya eneo hilo, jambo lililowafanya wasanifu na wanamazingira waende mahakamani wakitetea mpango wa asili. Tarehe 5 Agosti 2024, Waziri Mkuu Sheikh Hasina alipokimbia nchi, umati uliingia hadi ndani ya jengo, na siku iliyofuata Rais akalivunja Bunge.

Jambo la mwisho litakalokusaidia ni habari ya michoro. Michoro ya Kahn imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 2016 serikali ya Bangladesh ililetewa nakala zake. Serikali ilitaka kuitumia kuonyesha kilichojengwa nje ya mpango, yakiwemo makaburi ya wanasiasa yaliyomo kwenye eneo, na kwa hiyo shughuli hiyo ikawa ya kisiasa tangu siku ya kwanza. Kwa msanifu, hata hivyo, manufaa yake ni wazi: katika jengo ambalo mshono, mfuo na mkanda vyote vimepimwa, fundi anayekarabati bila mchoro ataziba mahali pasipopaswa kuzibwa. Anza kwa kulinganisha mchoro wa uwanja wa kusini na picha za sasa zilizopigwa kutoka juu. Tofauti utakazoziona zinatosha sura nzima ya mada yako.